Galactica ya Kale na Galactica Mpya: Historia ya Ugomvi wa Wapenzi na Hadithi Yao, 1978–2009

Hadithi ipendwayo na watu wengi huwa na wenyewe wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliye na hati ya kuimiliki kwa sheria, awe mtungaji au kampuni iliyomwajiri. Wa pili ni wale walioisikiliza au kuitazama, wakaihifadhi katika kumbukumbu zao, wakawasimulia watoto wao, na wakaitetea ilipodharauliwa. Maadamu wote wanapatana, hapana akumbukaye kwamba wenyewe ni wawili. Lakini siku mwenye hati anapoamua kuisimulia hadithi kwa namna nyingine, ubia huo hudhihirika, na mara nyingi hudhihirika kwa ugomvi.

Makala haya yanaeleza ugomvi mmoja wa namna hiyo uliotokea Marekani juu ya mfululizo wa michezo ya televisheni uitwao Battlestar Galactica. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, ukaundwa upya mwaka 2003. Galactica ni jina la manowari ya angani ambamo mambo mengi ya hadithi hutendeka. Hapa tutauita mfululizo wa kwanza Galactica ya kale, na wa pili Galactica mpya. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu Galactica mpya ilishinda. Ilisifiwa na wahakiki na ikapewa tuzo, na kwa hiyo habari za walioipinga zimesimuliwa zaidi na wale waliowashinda. Katika masimulizi hayo wapinzani huonekana ama wajinga waliochukia kila jambo jipya, ama wanaume walioudhika kwa kuwa rubani hodari amekuwa mwanamke. Baadhi yao walikuwa hivyo. Lakini atakaye kuandika historia kwa uadilifu hana budi kuuliza watu hawa waliona wamepoteza nini, na kama madai yao yalikuwa na msingi.

Kwanza yafaa kutenga maana za maneno matatu, kwa kuwa ugomvi wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa juu ya tofauti zake. Kurudia hadithi ni kuisimulia tena kama ilivyokuwa, ijapokuwa kwa waigizaji wengine na vifaa bora zaidi. Kuendeleza hadithi ni kuanzia pale ilipokomea, watu wale wale wakiwa wamezeeka na watoto wao wamekua. Kuunda hadithi upya ni kuchukua kiini chake na majina yake, na kujenga juu yake jengo jingine kana kwamba la kwanza halikuwapo kamwe. Wapenzi wa Galactica ya kale walingoja zaidi ya miaka ishirini hadithi yao iendelezwe. Walicholetewa ni hadithi iliyoundwa upya. Asiyeitazama tofauti hiyo hawezi kuielewa hasira yao.

Desturi ya watazamaji wa Marekani kujiona kuwa na haki juu ya mchezo wa televisheni haikuanza na Galactica. Katika miaka ya 1967 na 1968, iliposikika kwamba kituo cha NBC kilikuwa karibu kuukomesha mfululizo wa Star Trek, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua. Barua zilifika kwa wingi hata kituo hicho kikatangaza hewani, tarehe 1 Machi 1968, kwamba mfululizo ungeendelea. Ulidumu msimu mmoja zaidi, ukakoma mwaka 1969. Lakini wapenzi wake hawakukoma. Mwezi wa Januari 1972 walikusanyika New York katika mkutano wao mkubwa, na mwaka 1976 barua zao zikaifanya serikali ya Rais Gerald Ford ikiite chombo cha kwanza cha safari za angani cha aina ya Space Shuttle kwa jina la Enterprise, ambalo ni jina la merikebu ya hadithini. Star Trek iliporudi katika televisheni mwaka 1987, ilirudi kwa njia ya kuendelezwa: miaka mingi ilikuwa imepita hadithini, na merikebu nyingine yenye jina lile lile ilikuwa imechukua nafasi ya ile ya kwanza. Hivyo kizazi kizima cha watazamaji kilijifunza mambo mawili, kwamba barua yaweza kuiokoa hadithi, na kwamba hadithi iliyofufuka huheshimu yaliyotangulia.

Galactica ya kale ilitungwa na Glen A. Larson, ikaonyeshwa mara ya kwanza na kituo cha ABC tarehe 17 Septemba 1978. Kisa chake ni hiki. Wanadamu wa Makoloni Kumi na Mawili, walio mbali sana na dunia yetu, wamepigana vita virefu na Cylon, ambao ni mashine zenye umbo la askari. Cylon wanaomba amani. Viongozi wa wanadamu wanakubali, na katika saa ile ile ya kuadhimisha mapatano, Cylon wanayashambulia makoloni yote na kuyateketeza. Mtu aliyeuza watu wake ni Baltar. Manowari moja kubwa iliyosalia, iliyo chini ya Kamanda Adama, inakusanya merikebu za kila namna zilizojaa wakimbizi, na msafara huo unaanza kuitafuta sayari ambayo maandiko yao ya kale yanaitaja, yaani Dunia. Kwa bahati ya ajabu, usiku ule ule Jimmy Carter, Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli walitia sahihi mapatano ya Camp David, na ABC ikaukatiza mchezo ili kuitangaza habari hiyo. Watazamaji walitolewa katika hadithi ya amani ya hila wakapelekwa kwenye habari ya amani ya kweli, kisha wakarudishwa walikotoka.

Ni vema kukumbuka kwamba Galactica ya kale yenyewe ilishtakiwa kuwa mwigo. Kampuni ya Twentieth Century-Fox, yenye sinema ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977, iliishtaki kampuni ya Universal kwa madai kwamba hadithi hiyo imeibwa kutoka kwake. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 1983 mahakama ya rufani iliamua kwamba madai hayo yalistahili kusikilizwa, na baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Kwa hiyo hadithi ambayo wapenzi wake waliitetea baadaye dhidi ya mabadiliko ilikuwa imezaliwa ikiwa na doa la kuambiwa si mali yake. Pengine doa hilo ndilo lililowafanya waishike kwa nguvu zaidi.

Walichokipenda kilikuwa nini? Kwanza, hadithi ilikuwa ya ukoo. Adama, aliyeigizwa na Lorne Greene, ni baba. Rubani Apollo, aliyeigizwa na Richard Hatch, ni mwanawe. Starbuck, aliyeigizwa na Dirk Benedict, ni rafiki wa nyumba hiyo, mcheza kamari, mvuta sigara, mpenda wanawake, na mwaminifu hata kufa. Pili, hadithi ilikuwa ya imani. Larson alikuwa muumini wa kanisa la Wamormoni, na wajuao mafundisho ya kanisa hilo waliyatambua mengi katika utungo wake, likiwamo jina la sayari ya asili, Kobol, lililokaribia Kolob ya maandiko ya Wamormoni. Tatu, katika daraja za juu za manowari hiyo walikuwapo watu weusi wawili: Kanali Tigh, msaidizi wa Adama, aliyeigizwa na Terry Carter, na Luteni Boomer, aliyeigizwa na Herbert Jefferson. Katika televisheni ya Marekani ya wakati ule, jambo hilo halikuwa la kawaida.

Gharama za mfululizo huo zilikuwa kubwa, na watazamaji walipopungua, ABC iliukomesha mwaka 1979 baada ya msimu mmoja tu. Msafara ukaachwa njiani, nao wakimbizi hawajafika. Mwaka uliofuata kituo kilitoa mwendelezo ulioitwa Galactica 1980, ambamo wasafiri wanaifikia Dunia. Ulitengenezwa kwa fedha chache, waigizaji wengi wapendwao hawakuwamo, nao ukafa baada ya vipindi 10. Wapenzi wengi waliukana kabisa. Jambo hili lafaa kushikwa, maana litatufaa katika hukumu: mwendelezo wa kweli uliwahi kufanywa, na ndio uliodharauliwa kuliko yote. Kuendelezwa peke yake si dhamana ya uzuri.

Baada ya hapo ilifuata miaka ya kungoja. Hadithi iliyokatizwa ina nguvu ambayo hadithi iliyokwisha haina, kwa kuwa msikilizaji huimaliza mwenyewe. Wapenzi waliandika visa vyao, wakashona mavazi ya marubani, wakaunda mifano ya merikebu, wakakutana kila mwaka na waigizaji waliokuwa wakizeeka. Aliyewaongoza katika tumaini hilo alikuwa Richard Hatch mwenyewe. Kuanzia mwaka 1997 alichapisha riwaya zilizoendeleza hadithi, akisaidiana na waandishi wengine. Mwaka 1999 alitengeneza filamu fupi ya kutangaza mwendelezo alioutamani, akiiita The Second Coming, yaani Kuja kwa Pili, akisaidiwa na wataalamu waliojitolea pamoja na waigizaji kadhaa wa zamani. Aliionyesha katika mikutano ya wapenzi, na watu wakasimama kuishangilia. Hakuwa na hati ya kumiliki hadithi. Alichotaka ni kuwaonyesha wenye hati kwamba hadithi ingali hai.

Mwaka 2001 ilionekana kana kwamba ameelekea kushinda, ijapokuwa kwa mkono wa watu wengine. Bryan Singer, mwongozaji wa sinema ya X-Men, na mtayarishaji Tom DeSanto walianza kutengeneza mwendelezo wa Galactica kwa ajili ya kituo cha Fox. Yakatokea mashambulizi ya tarehe 11 Septemba mwaka huo. Kazi ikacheleweshwa, Singer akaitwa kuiongoza sinema ya pili ya X-Men, na mpango wote ukaanguka. Wapenzi waliokuwa wamekaribia kufika walirudishwa tena jangwani.

Mwaka 2002 hadithi ilikabidhiwa David Eick na Ronald D. Moore kwa ajili ya kituo cha Sci Fi. Moore alikuwa amepata sifa kwa kuandika Star Trek ya miaka ya 1987 na kuendelea. Alipoitazama upya Galactica ya kale, miezi michache baada ya Septemba 11, aliona kwamba kisa cha watu walioshambuliwa ghafula wakiwa katika amani kimepata maana ambayo hakikuwa nayo mwaka 1978. Akaandika tamko fupi juu ya namna ya kuandika hadithi za sayansi kwa uhalisi, bila mbwembwe za merikebu za angani na viumbe wa ajabu. Kwa maoni yake, hadithi hiyo haikuhitaji kuendelezwa. Ilihitaji kuanza upya. Naye hakuficha: yeye na wenzake walisema wazi kwamba walikuwa wakiiunda upya.

Mabadiliko yalikuwa makubwa. Cylon wa kale walikuwa kazi ya viumbe wengine wa mbali. Cylon wapya waliumbwa na wanadamu wenyewe ili wawatumikie, wakaasi, na baadhi yao sasa wana miili isiyotofautika na ya binadamu. Wanadamu wapya wanaabudu miungu mingi, na Cylon wanaamini Mungu mmoja. Baltar si msaliti wa kusudi bali ni mtaalamu mwenye majivuno aliyehadaiwa na mwanamke wa Cylon. Kando ya Adama, aliyeigizwa sasa na Edward James Olmos, yupo Rais Laura Roslin, aliyeigizwa na Mary McDonnell, waziri wa elimu aliyeapishwa kwa kuwa wakubwa wote waliomtangulia wameuawa. Starbuck ni mwanamke, ameigizwa na Katee Sackhoff. Boomer pia ni mwanamke, ameigizwa na Grace Park, naye ni Cylon asiyejijua. Kanali Tigh ni mzungu mlevi, ameigizwa na Michael Hogan.

Kwa wanafunzi wa lugha, mabadiliko ya maneno yana mafunzo mengi. Katika Galactica ya kale, Apollo, Starbuck na Boomer yalikuwa majina ya watu. Katika Galactica mpya yamekuwa lakabu za marubani, zinazotumika katika mawasiliano ya vita. Majina yao halisi ni Lee Adama, Kara Thrace na Sharon Valerii. Jina lililokuwa la mtu mzima limekuwa la kazi yake tu, na nyuma yake amesimama mtu mwingine. Hapana mfano ulio wazi zaidi wa yale ambayo hadithi mpya iliifanyia hadithi ya kale. Tena, Galactica ya kale ilikuwa na vipimo vyake vya wakati: centon kwa dakika, micron kwa sekunde, yahren kwa mwaka. Mpya iliviacha vyote, ikatumia dakika na saa kama sisi, ili mtazamaji asijisikie mgeni. Neno moja lilihifadhiwa, nalo lilikuwa tusi la kubuni, frack, ambalo waandishi wapya walilipunguza herufi moja likawa frak, ili liwe na herufi nne kama yalivyo matusi makali ya Kiingereza. Tusi likadumu na kalenda ikafutwa. Wapinzani waliliona hilo, nao hawakulifurahia.

Malalamiko yao yalikuwa ya namna tatu, na ni kosa kuyachanganya. La kwanza lilihusu ahadi. Watu hawa waliamini kwamba msafara wa 1979 ungali njiani, na kwamba waigizaji wake wangali hai na wangeweza kuurudia. Kuundwa upya kulimaanisha kwamba safari ile haitamalizika kamwe, na kwamba wazee waliokuwa wameihifadhi, Hatch akiwa wa kwanza, wamepitwa. Wapinzani wakaibuni lakabu yao wenyewe, wakaiita kazi mpya Galactica kwa jina tu. La pili lilihusu roho ya hadithi. Ya kale ilikuwa na matumaini. Mpya, hata kabla haijaonyeshwa, ilijulikana kuwa nzito na yenye giza, nayo ilipoonyeshwa ilikuwa na mwanamke wa Cylon anayemvunja shingo mtoto mchanga sokoni. La tatu lilihusu watu kugeuzwa, na juu ya yote Starbuck kugeuzwa mwanamke.

Katika lalamiko hili la tatu ndimo ubaya ulimojificha. Mwaka 2004 Dirk Benedict, Starbuck wa kwanza, alichapisha katika gazeti la Dreamwatch makala makali yaliyodai kwamba kumfanya Starbuck mwanamke ni dalili ya zama zinazowadhoofisha wanaume na kuwaonea haya. Yalisomwa sana, na tangu hapo maadui wa wapinzani hawakuhitaji ushahidi mwingine. Lakini yapo mambo mawili ambayo makala hayo yaliyafunika. Jambo la kwanza ni kwamba wengi waliolalamika hawakulalamika kwa sababu hiyo. Jambo la pili ni kwamba kelele za Starbuck zilizuia kusikika kwa swali lililokuwa na haki zaidi: watu weusi wawili waliokuwa viongozi katika Galactica ya 1978 wamekwenda wapi? Nafasi ya mmoja ilitwaliwa na mzungu, na ya mwingine na mwanamke mwenye asili ya Korea. Kweli Galactica mpya ilimpa mwanamke cheo cha urais, na miongoni mwa maofisa wake wadogo alikuwamo Dualla, aliyeigizwa na Kandyse McClure, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hata hivyo, kwa daraja za juu, hesabu ya watu weusi ilipungua baada ya miaka 25 badala ya kuongezeka. Lalamiko hilo halikupata gazeti la kulikuza kama lile la Benedict, nalo halitajwi sana na wanaosimulia ushindi wa kazi mpya.

Mwaka 2003, kabla ya mchezo kuonyeshwa, pande mbili zilikutana ana kwa ana. Olmos alikuwa amekwisha waambia waandishi wa habari kwamba wapenzi wa dhati wa kazi ya kale wasiitazame mpya, kwa kuwa itawaudhi. Ushauri wa ajabu kutoka kwa mwigizaji mkuu. Mwezi wa Oktoba wapenzi walifanya mkutano huko California kuadhimisha miaka 25 ya hadithi yao, ukiitwa Galacticon, na Moore akaenda kuwaonyesha sehemu za kazi yake na kujibu maswali. Alizomewa. Aliwajibu bila kuahidi kwamba atabadili chochote. Tukio hilo lastahili kukumbukwa kwa heshima ya pande zote mbili. Wao walikuwa na haki ya kumwambia usoni kwamba wameumizwa, naye aliwapa haki ya kusikilizwa na kuambiwa kweli, ambayo wenye kampuni hawakulazimika kuwapa.

Mchezo ulionyeshwa usiku wa tarehe 8 na 9 Desemba 2003, na waliotazama usiku wa pili walikuwa wengi kuliko wa usiku wa kwanza. Mfululizo kamili ulianza Uingereza mwezi wa Oktoba 2004, na Marekani tarehe 14 Januari 2005. Ndipo wengi walipoanza kugeuka. Waliona kwamba Starbuck mpya ni mcheza kamari, mvuta sigara na rubani asiyeshindwa kama yule wa kale, na kwamba waandishi hawakuidharau asili yao. Katika sherehe ya mwanzoni, ndege za vita zinapopita juu ya Galactica, husikika wimbo uliotungwa na Stu Phillips kwa ajili ya mfululizo wa 1978, sasa ukiwa kama wimbo wa taifa. Na katika jumba la makumbusho lililo ndani ya manowari hiyo amesimamishwa askari wa Cylon wa umbo la kale. Hadithi ya kwanza haikutupwa, iliwekwa makumbusho. Waliogeuka waliiona heshima hiyo. Wasiogeuka walijibu kwamba kinachowekwa makumbusho ni kile kilichokufa.

Kugeuka kuliko maarufu kulikuwa kwa Hatch. Aliyepigania mwendelezo kwa miaka mingi, na aliyesema waziwazi uchungu wake, alikubali kuigiza katika kazi mpya kuanzia msimu wa kwanza. Hakupewa nafasi ya Apollo mzee wala ya kupita tu apigiwe makofi. Alikuwa Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa ambaye wengine humwita mpigania uhuru na wengine mwuaji, naye anaonekana mara ya kwanza uso kwa uso na Apollo mpya, aliyeigizwa na Jamie Bamber, akimhoji juu ya haki ya serikali anayoitumikia. Zarek anadai uchaguzi; anauliza kwa idhini ya nani watawala wanatawala. Mwaka 2009, karibu na mwisho wa hadithi, anaongoza uasi pamoja na wengine, anashindwa, anapigwa risasi. Waandishi walimpa mpinzani wao mkubwa kazi ya kuwa mpinzani, na hawakumfanya mjinga. Hatch aliifanya kazi hiyo kwa ustadi hata akapata wapenzi wapya ambao hawakuwahi kumwona akiwa Apollo. Alifariki tarehe 7 Februari 2017.

Sifa zilifuata. Kipindi cha kwanza cha mfululizo, kiitwacho “33”, kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2005, na jarida la Time likautaja mfululizo huo kuwa bora kuliko yote ya mwaka huo. Tuzo ya Peabody ilitolewa pia kwa kazi ya mwaka huo. Katika msimu wa tatu, mwaka 2006, Marekani ikiwa vitani Iraki, watazamaji walionyeshwa wanadamu, yaani upande wao wenyewe, wakiishi chini ya utawala wa kigeni na kutuma watu wajilipue kati ya adui. Tarehe 17 Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika Moore, Eick, Olmos na McDonnell makao makuu New York kuzungumzia haki za binadamu, ugaidi na upatanisho. Hayo yasingewezekana kama Cylon wangebaki mashine za bati. Hadithi ilipata uzito wake kwa kuasi yale ambayo wapenzi wa kale waliomba yahifadhiwe, na mwenye haki hana budi kukiri hivyo.

Siku tatu baadaye, tarehe 20 Machi 2009, mfululizo ulikwisha, na historia ikajirudia kwa namna ambayo wapinzani wa 2003 hawakuitarajia. Wakimbizi wanafika katika Dunia yetu ya miaka 150,000 iliyopita, wanaziongoza merikebu zao zikateketee katika jua huku wimbo wa Stu Phillips ukisikika kwa mara ya mwisho, na mambo mengi yaliyokuwa mafumbo yanaelezwa kuwa mkono wa Mungu. Starbuck anatoweka bila maelezo. Wapenzi wa Galactica mpya, ambao kwa miaka mitano walikuwa wamewacheka wa kale, sasa waligawanyika. Wengi walisema wameahidiwa jambo na hawakulipewa, kwa kuwa maneno ya utangulizi ya mchezo yalikuwa yakitaja mpango wa Cylon na mpango huo haukufumbuliwa. Lalamiko la ahadi iliyovunjwa na la roho iliyogeuzwa yalirudi, katika vinywa vya watu wengine. Hii ndiyo hoja kubwa ya kuwatetea wapinzani wa kwanza dhidi ya shutuma ya ujinga: walioshutumu walipopatwa na jambo lile lile, walisema yale yale.

Je, twaweza kuhukumu? Wasomaji wa Kiswahili wanajua namna nyingine ya kurithi hadithi. Kisa cha Liyongo kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Hapana aliyeombwa ruhusa, na masimulizi ya mmoja hayakumzuia mwingine kusimulia kwa namna yake. Kisa husimama kando ya kisa. Galactica haikuwa na uhuru huo. Kwa sheria, mwenye hati ni mmoja, na alipochagua kuiunda upya katika televisheni, mlango wa kuiendeleza humo ulifungwa. Hasira ya 2003 haikutoka katika kuchukia mapya tu. Ilitoka katika kujua kwamba nafasi ni moja. Pale ambapo mmiliki alichagua kuendeleza, kama ilivyokuwa kwa Doctor Who ya Uingereza iliyokoma mwaka 1989 na kurudi mwaka 2005, malalamiko yalikuwapo, lakini hapana aliyeweza kusema kwamba yaliyotangulia yamefutwa.

Walikosea waliohukumu kazi ambayo hawajaiona, na walikosea zaidi waliomchukia Starbuck kwa kuwa mwanamke. Lakini swali lao la msingi lilikuwa la haki. Mwaka 2002 jina la Galactica lilikuwa na thamani ya kununulika, na thamani hiyo haikutokana na kituo kilichoukomesha mfululizo baada ya msimu mmoja. Ilitokana na watu walioutunza kwa zaidi ya miaka ishirini bila ujira: waliotafuta kanda, walioandika barua, waliojaza kumbi kumsikiliza Hatch. Jina walilolitunza liliuzwa, nao hawakuulizwa. Utunzaji wao haukuwapa haki ya kumzuia msanii, kwa maana kama ungewapa, hadithi bora isingeandikwa. Uliwapa haki ya kuambiwa kweli na haki ya kutajwa. Ya kwanza Moore aliitimiza alipokwenda kusimama mbele yao. Ya pili ni deni la wanaoandika historia.

Kwa hiyo mtafiti atakayeishika habari hii baadaye asizitunze tuzo na sifa peke yake. Atunze pia barua za waliokasirika, hotuba walizozitoa mikutanoni, mavazi waliyoyashona na filamu fupi ya 1999 ambayo haikuzaa mfululizo. Humo imo sehemu ya hadithi ambayo Galactica mpya, pamoja na ubora wake wote, haikuweza kuisimulia, nayo ni habari ya msafara wa 1979 uliobaki njiani, na ya watu waliokataa kuusahau.